Zoni ya Kimya kati ya Kasongo na Kabambare

Watu wa Kasongo waliniita mama wa foni, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kushika foni ya hospitali, ile redio ya kusemea na vituo vya afya vya mbali ambako simu haikamati. Baadaye nikanunua mashine yangu ndogo ya nyumbani, nikapata leseni ya radioamatere ya daraja la chini, ya kusema na watu hewani kwa kupenda tu. Nilipenda hadi nikajiandikisha kwa mtihani wa daraja la juu. Hapo akili yangu ikaanza kuvurugika.

Kitabu kilikuwa cha Kifaransa, kimejaa mishale na herufi za Kigiriki. Nilikisoma huku sombe ya majani ya muhogo ikichemka, na mara nyingine sombe iliungua. Kabla ya kitabu nilijua kwamba ukisema, mwenzako anasikia. Baada ya kitabu sikujua tena kwa nini mtu yeyote amsikie mwingine.

Mume wangu anafundisha fizikia, nikamwomba anieleze.

"Sauti yako inapanda juu sana," alisema, "inagonga tabaka moja la hewa, inarudi chini. Kama mupira unaogonga plafo, ile dari ya nyumba."

"Sasa kwa nini muchana namusikia dada yangu wa Kabambare, na jua likishuka anapotea? Saa ileile mutu wa Lubumbashi anaingia kama ameketi hapa jikoni. Kabambare iko karibu, Lubumbashi iko mbali."

Akatafuta kalamu, akachora mishale. "Jioni lile tabaka linalegea. Mupira ukitupwa wima unapenya, unaenda zake. Ukitupwa kwa kulala unarudi, lakini unaangukia mbali. Walio karibu wanarukwa. Kitabu kinasema hapo ni zoni ya kimya."

"Plafo gani hiyo inapitisha mupira?"

Akachora tena, mishale juu ya mishale, mpaka karatasi ikajaa.

Dada yangu ni muuguzi kule Kabambare, na wakati ule alikuwa na mimba kubwa. Mvua zilikuwa zimekata barabara, hata pikipiki zinazotoka Salamabila hazikupita. Siku uchungu ulipomshika, mwenzake wa kazi alinipa habari mchana kwa foni. Nikakaa palepale hospitalini, nikisubiri. Jua likashuka, na Kabambare ikanyamaza. Niliita, nikaita. Mvumo tu.

Ndipo yule mtu wa Lubumbashi, ambaye tulitumia naye frekansi moja, akaingia.

"Mama wa Kasongo, mimi nasikia Kabambare muzuri. Unataka nikuulizie?"

"Uliza kama dada yangu amezaa."

Nilimsikia yeye akiuliza, lakini waliomjibu sikuwasikia hata pumzi.

"Amezaa, mama. Mutoto mwanaume."

Nilimshukuru Mungu. Kabla sijamaliza, akarudi. "Samahani. Sasa wanasema mwanamuke."

"Mwanaume ao mwanamuke?"

"Ngoja." Akauliza tena, sauti yake ikapasuka kwa radi. "Mama, mimi nimechanganyikiwa. Wanasema mwanaume, na wanasema mwanamuke. Labda hawaelewi Kiswahili changu."

Kisha naye akapotea. Nikarudi nyumbani sijui nimekuwa mama mudogo wa nani. Nilimwambia mume wangu pengine mtoto amekufa na wanatuficha, naye hakuwa na mchoro wa jambo hilo.

Asubuhi Kabambare ikarudi, safi kabisa, na sauti ilikuwa ya dada yangu mwenyewe, ya uchovu. "Ni mapasa. Mwanaume na mwanamuke. Tuliwaambia jana." Nikaketi chini, nikalia.

Mtihani niliufanyia Kindu. Mtahini aliniuliza kwa mdomo zoni ya kimya ni nini. Nilimjibu kama kitabu kinavyosema, kisha nikamsimulia habari ya mapacha. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Sasa jioni ungefanya nini ili Kabambare isikie?" Nikasema ningeshusha frekansi na kurefusha waya wa antena. Maswali mengine nilijibu kwa kubahatisha. Waliponiambia nimefaulu, sikuambiwa nilipatia wapi, na mpaka leo sijui.

Niliporudi, mimi na mume wangu tuliurefusha waya wa foni kutoka paa la hospitali hadi kwenye mchikichi wa nyuma, kwa ajili ya frekansi ya chini tuliyopatana na Kabambare mchana. Jioni ileile dada yangu akasikika, katikati ya mikwaruzo, na mtoto mmoja akilia.

"Umefanya nini?" akauliza.

"Nimerefusha waya."

"Na waya murefu unaleta nini?"

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa tayari ameshika kalamu. Nikamwambia dada yangu kwanza aninyonyeshee mtoto, hayo mengine tutayaongea.