Kinamasi Hakitoki Kwenye Ramani

Siku ile ya wazazi, kwenye ukumbi wa mabati wa shule yetu ya Kansanga, Kampala, alikuwepo mkurugenzi, ambaye shule ni mali yake kuanzia kiwanja hadi viti. Alikuwepo mwalimu wa jiografia, amevaa gauni lake la kanisani, mikono kaificha chini ya meza. Alikuwepo baba mmoja mwenye vyumba vya kupangisha kule bondeni, anayesomesha watoto kadhaa shuleni kwetu na ambaye hachelewi kulipa karo. Alikuwepo mama wa Kikongo anayeuza magunia matupu soko la Nakawa. Alikuwepo mdogo wangu wa mwisho, msichana wa kidato cha pili, amesimama ukutani na wenzake kwa sababu viti vilikuwa vya wageni. Wazazi wengine walijaa hadi mlangoni, karibu wote wamepakata madaftari. Na mimi nilikuwepo, safu ya wazazi, ingawa sijazaa. Nawataja mapema ili baadaye asije mtu akasema mambo haya aliyasikia tu.

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba alikuwa polisi kutoka kaskazini, na Kiswahili ndicho tulichogombania uji kwacho. Alipofariki tuliambiwa nyumba ya kambi inasubiriwa na askari mwingine. Mama hakuishi sana baada yake. Nilikuwa mkubwa kuliko wote, nikatoka shule kidato cha pili, wadogo zangu wakabaki darasani. Hatukufanya kikao kuhusu hilo. Asubuhi moja wao walivaa sare na mimi sikuvaa.

Kazi niliyoipata ilikuwa Kisenyi, kwenye magereji, kuandika mabango: hapa tunaziba pancha, usiegeshe gari, bei haipungui. Nilijifunza kunyoosha mstari kwenye bati lililopinda, na kujibizana na mafundi wanaotaka herufi kubwa kwa rangi kidogo. Hapo ndipo mwalimu wa jiografia aliponikuta, amebana atlasi kwapani kama mtu aliyeiba kuku. Alitaka mtu wa kumchorea ramani kubwa.

Mtaala mpya ulikuwa umeingia. Zamani mwalimu alisoma, watoto wakaandika, kengele ikalia. Sasa watoto walitakiwa watoke, waulize watu, wapime, wachore, walete darasani walichokikuta, na alama zao zianze kuhesabiwa huko huko. Shule ndogo ya kulipia kama yetu haikuwa na vitabu vya kutosha vya mtaala huo, na mwalimu mwenyewe alikuwa amesomeshwa kwa kuandikiwa ubaoni. Aliniambia bila kuzunguka, akiniita bibi kwa Kiganda, "Naogopa, nyabo. Nimefundisha bandari za Ulaya miaka yote, sijawahi kuwatoa watoto nje ya geti."

Nikamwambia, "Basi toka nao. Geti halina meno."

Mkurugenzi alikubali kwa mdomo: mimi nichore ramani za jiografia, mdogo wangu asome bila karo. Kwa hiyo kiti cha mdogo wangu kilining'inia kwenye ukuta wa darasa pamoja na ramani zangu. Zikishushwa, na yeye anashuka. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza na sikumwambia, ila naye alilijua.

Ramani nilichora juu ya magunia ya sukari. Yule mama wa Kikongo, ambaye mwanawe yuko darasa moja na mdogo wangu, alinipa yaliyochanika, na hakuna siku aliyotaja bei. Niliyafua, nikayakaza kwenye fremu ya mbao, nikagawa miraba kwa penseli. Rangi zilikuwa mabaki ya magereji ya Kisenyi, ndiyo maana ziwa letu la kwanza lilikuwa na buluu ya gari la mizigo lililogongwa nyuma. Jumamosi walimu wa jiografia wa shule nyingine ndogo za binafsi walikuja kwetu kusaidiana, maana kila mmoja alikuwa ameshika kipande tofauti cha mtaala. Waliondoka na magunia yamekunjwa kama mikeka nyuma ya bodaboda. Tukawa tunasema wiki hii mvua iko Kansanga, wiki ijayo mvua iko Nakawa, yaani ramani ya mvua.

Ramani ya mtaa wetu ndiyo iliyoleta vita. Mwanzoni niliinakili kutoka kitabu cha zamani, safi kabisa, kila mraba umekaa mahali pake. Mdogo wangu aliitazama akasema, "Dada, hii si Kansanga. Mfereji uko wapi?" Sikupenda. Rangi ilikuwa bado haijakauka. Lakini mwalimu aliwapeleka watoto bondeni, wakawauliza wakazi wa zamani mafunjo yaliota hadi wapi, wakatafuta kwenye kuta alama za tope lililoachwa na maji ya mvua. Wakarudi na michoro yao, imechafuka, na yote ilikubaliana. Nikachukua gunia jipya. Wao waliniambia wapi, mimi nikapaka kijani.

Sasa, siku ya wazazi hapa Kampala mtu anakuja na chakula kwenye vyombo, anamlisha mtoto, halafu anafungua madaftari. Anahesabu kurasa. Daftari lililojaa na vema nyekundu ni ushahidi kwamba karo yake inafanya kazi. Daftari la historia lilijaa. La biolojia lilijaa. La jiografia lilikuwa na michoro, maswali, na kurasa nyingi nyeupe, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa ukutani, juu ya gunia.

Yule baba mwenye vyumba alisimama na daftari la binti yake, akalitikisa kama anakung'uta vumbi. Aliongea Kiganda, nami naandika kwa lugha yangu.

"Dairekta, naomba unisomee hapa. Mimi sioni kitu. Labda macho yangu."

Watu wakacheka. Mkurugenzi akasema, "Mzee, mtaala umebadilika."

"Karo haikubadilika."

Wakacheka zaidi. Ndipo alipogeuka akaona gunia. Alilisogelea, akafuata mfereji kwa kidole, akafika kwenye kijani akasimama hapo hapo.

"Nani amepaka kinamasi juu ya nyumba zangu?"

Mwalimu alitoa mikono chini ya meza. "Ni kazi ya wanafunzi, ssebo. Waliwauliza wakazi."

"Wakazi gani? Wapangaji wangu? Mnafundisha watoto wangu kwamba baba yao amejenga kwenye maji?"

Kicheko kilikatika. Mkurugenzi alikuwa tayari ameshapima nani aondoke ukumbini akiwa na furaha. Alisema kuanzia Jumatatu jiografia inarudi ubaoni, nukuu za somo ziandikwe zote, na magunia yashushwe. Kisha akanitazama mimi. "Na wewe, muchoraji, utakuwa unatuandikia nukuu kwenye karatasi za manila. Ukitaka. Usipotaka, mtoto wako mtafutie shule."

Alikuwa amenirahisishia. Ningeitikia tu. Kuandika nukuu ni kazi nyepesi kuliko kufua magunia, na mdogo wangu angebaki. Nilimtazama pale ukutani. Alikuwa ananitazama kwa namna ninavyowatazama mafundi wa Kisenyi wanapotaka kunipunja, kidevu juu.

Nikasimama. "Sitaandika."

"Unasema kama mzazi au kama mfanyakazi?"

"Vyovyote utakavyonihesabu, dairekta. Sitaandika."

Yule baba akacheka kwa pua. "Aliyeishia kidato cha pili anatufundisha elimu."

"Ndiyo, niliishia kidato cha pili," nikasema, "na nitasema mpaka nimalize. Madaftari yangu yalijaa. Mkitaka vema nyekundu, nilikuwa nazo. Nilijua mto wa Wajerumani unapita miji gani na kunachimbwa nini pembeni yake. Tulipotoka kambini nikawapangishia wadogo zangu chumba bondeni, wakati wa kiangazi, kwa sababu kilikuwa na mlango mzuri. Alama ya maji ilikuwa ukutani, imefika kiunoni. Niliiona. Nikadhani ni uchafu, nikaipaka chokaa. Mvua ilipokuja tulilala juu ya meza ya jirani, na madaftari yangu yote yakaenda na maji. Hakuna ukurasa uliokuwa umeniambia nitazame ukuta. Hawa watoto wanautazama. Gunia hilo halishuki kwa mkono wangu. Anayetaka, apande mwenyewe kwenye kiti alishushe."



Mkurugenzi hakupanda kiti. Alifanya ujanja wa mfanyabiashara. Alisema, "Sawa. Hii ni shule ya wazazi. Anayetaka magunia yabaki, asimame."

Wazazi wakaanza kufunika vyombo vyao vya chakula. Mwalimu wa jiografia alisimama, lakini yeye hakuwa mzazi. Nilianza kufikiria shule za jirani, ipi ingempokea mdogo wangu katikati ya muhula, na kwa kitu gani.

Kiti kililia nyuma. Mama wa magunia.

"Mimi sikusoma," alisema, kwa Kiswahili chake cha Kongo, na hakuomba mtu amtafsirie. "Mutoto yangu zamani alikuwa anaandika, anaandika, mupaka kidole inavimba. Namuuliza, umejifunza nini? Anasema, sijue mama, tuliandika tu. Sasa anafika kwa soko, ananiuliza magunia inatoka wapi, ilipita njia gani, kwa nini bei inapanda wakati wa mvua. Ananichokesha! Namufukuza, anarudi. Mimi nalipa karo kwa ile." Akakaa, halafu akasimama tena. "Nilisahau. Mulisema tusimame."

Mke wa askari mmoja alisimama huku akicheka. Kisha mwingine karibu na dirisha. Kisha walisimama kwa makundi, wengine nadhani kwa sababu jirani yao amesimama, na mimi sikujali sababu.

Yule baba alibaki mbele ya gunia. Hakuwa amebadilika, na sitamsingizia. Aliguna muda mrefu, akasema, "Basi wekeni na nyumba zangu. Mtu akitazama aone kuna nyumba pale."

Mwalimu akamjibu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Tutaweka nyumba, ssebo. Kinamasi hakitoki."

Mkurugenzi alisema magunia yatabaki hadi darasa hilo litakapofanya mtihani wa taifa, halafu ataona. Mimi nilisikia "yatabaki". Mdogo wangu yuko darasani, na nyumba za yule baba ziko kwenye gunia, nimezipaka kahawia katikati ya kijani. Nilizipa na madirisha.

Siku ile ile, tulipokuwa tunakusanya viti, mama wa magunia alinishika mkono. Nilianza kumshukuru, akanikatiza. "Maneno weka. Magunia yote ile ulichukua, nilikuambia lipa? Sasa nakudai. Unichoree kwetu. Kivu, kwa mama yangu, mupaka kwa njia ya soko."

Nikaona ni jambo dogo. Nilifungua ramani kwenye simu, nikanakili kijiji kinachobeba jina alilonitajia, miraba yote sawasawa, nikampelekea Nakawa. Alilitazama gunia kwa heshima, kama mtu anayetazama picha ya mgeni.

"Hapa si kwetu," akasema. "Kilima cha mihogo iko wapi? Maji tulikuwa tunachota wapi?"

Nilikuwa nimefanya kosa lile lile, baada ya kelele zote zile ukumbini. Nikaligeuza gunia, nikaanza upya upande wa nyuma. Sasa naenda sokoni wateja wanapopungua, nakaa juu ya marobota yake na penseli, naye ananieleza. Siku nyingine anatoa kilima kizima. Siku nyingine anafika kwenye daraja fulani, anaanza kuhesabu magunia ambayo alikwisha kuyahesabu, nami naweka penseli naenda zangu Kisenyi. Kwa vita vya kwao hawezi kurudi kutazama, na mimi sitabuni.

Mafundi wananiambia, "Mpakie rangi tu, mupe mama wa watu. Nani atajua?" Yeye atajua. Gunia liko ukutani kwangu, lina kilima kimoja, mto, na njia inayoishia kwenye daraja. Ng'ambo ya daraja ni gunia tupu, na hapo ndipo bado nadaiwa.