Mpanga Mapeasi

Dada aliyetupangia mapeasi sokoni Lushoto aliyageuza yote, vikonyo vikaelekea upande mmoja, huku akiimba wimbo uleule chinichini. Hakumtazama mtu usoni wala kutoa shikamoo. Siku moja alipita mzee wa kanisa, nami, msimamizi wa dada huyo, nikamkamata dada mkono. "Mwamkie mkubwa wako!" Alipiga ukelele, akaziba masikio, akakimbia. Hakurudi tena. Mwaka uliofuata muuguzi alituambia mjukuu wangu ana usonji, akaeleza kwamba wengine wenye hali hiyo kuguswa ghafla huwaumiza kweli. Nikapanda mlima hadi kwa yule dada. "Nisamehe, mwanangu. Sikujua." Alinisikiliza akitazama ukuta. "Mkono uliuma siku tatu," akasema.