Aliyenikaribisha Mgeni Kwenye Jiko Langu

Admin, jina langu lifiche, ila mji usiufiche: ni Sumbawanga hapa hapa. Mimi ni bibi wa miaka sabini na mbili, mjane, na simu naitumia mwenyewe, kwa hiyo matusi yenu nitayasoma.

Enzi za Ujamaa, nikiwa msichana, nilikuwa mpishi wa hoteli moja ndogo pale Majengo. Sukari ilikuwa ya foleni, lakini ugali wangu wa ulezi haukukosa watu. Malori ya mahindi yakilala mjini, madereva walikula wamesimama kwa kukosa viti. Nikazidiwa, nikamwombea kazi rafiki yangu, nimwite Sekela, aliyetoka Mbeya kumfuata kaka yake karani. Ulezi alikuwa haujui kabisa. Nilimfundisha kuusonga mpaka mikono ikazoea. Kitu kimoja tu sikumwonyesha, maana nilikifanya nyumbani kabla ya kwenda kusaga: ulezi wetu tunaupura chini, una mchanga, lazima uuoshe kwa maji mengi mpaka mchanga ubaki kwenye beseni.

Mama yangu akafariki huko Matai. Sekela alinikumbatia huku analia, akasema, "Nenda ukamzike mama, dada. Jiko nitakushikia."

Matanga yalipoisha nikarudi, nimenyoa nywele, macho yamevimba. Nikamkuta amevaa aproni yangu. Akanitazama mbele ya wateja, akasema, "Karibu mgeni. Utakula nini?" Watu wakacheka. Mwenye hoteli hata hakuniangalia: "Ndugu, biashara haingoji msiba." Jamani, kicheko kile nakisikia mpaka leo.

Jioni ile malori yalijaa. Nikakaa, nikaagiza ugali wa ulezi. Unga niliouacha ulishaisha, ule ulikuwa wa ulezi alionunua yeye. Dereva wa kwanza akatafuna, akatema. Wa pili akasukuma sahani: "Mnatulisha mchanga?" Sekela akanijia mbio, jasho linamtoka. "Dada, nimekosea wapi?" Nikamjibu, "Mgeni anajuaje mambo ya jikoni?" Nikanawa, nikaondoka.

Utamu wa jibu lile ulikwisha upesi. Sekela alijifunza kuosha ulezi kwa wengine, akasifiwa mji mzima kwa ugali niliomfundisha mimi, nami nikarudi kulima. Hajawahi kuniomba radhi. Tukikutana kanisani ananipungia mkono kana kwamba hakuna kitu.

Sasa mjukuu wangu, niliyemlea tangu mama yake afariki, amechumbia. Binti ni mjukuu wa Sekela! Jumamosi wakwe wanakuja kwangu Chanji, na Sekela atakaa kwenye mkeka wangu. Mjukuu amenipigia magoti: "Bibi, nakuomba, usiniharibie. Mlipizie kisasi kwingine, si kwenye ndoa yangu." Nimemwambia aende akalale.

Nitapika mwenyewe. Salamu nimeshaiandaa, "Karibu mgeni, utakula nini?", na nitaitoa wazee wote wakisikia. Ulezi uko kwenye debe, maji yapo, beseni lipo. Kila nikiliangalia naiona aproni yangu. Najua wanaweza kuinuka na kuondoka na binti yao, na kijana wangu ataumia. Lakini hasira hii imenizidi umri. Nishaurini, wanangu: niuoshe ulezi huu, au niupeleke mashineni hivi hivi?