Ng'ombe Aliyemwokoa Bibi Minza

Jioni za kiangazi pale Maganzo zilinuka plastiki inayoungua. Kuni zilikuwa adimu, kwa hiyo akina mama wengi walipikia samadi iliyokaushwa, na samadi haishiki moto upesi. Basi unaokota mfuko wa plastiki uliotupwa na abiria wa mabasi, unauwasha, unausukumia chini. Moshi wake ulikuwa mweusi na mchungu, ukakaa kooni mpaka asubuhi. Jirani yetu Bibi Minza, mjane aliyeishi peke yake nyuma ya zizi letu, alikuwa amepikia moshi huo miaka na miaka, na macho yake yalikuwa mekundu daima. Mikono yake ndiyo iliyonipokea nilipozaliwa. Nilikuwa darasa la nne, na sikujua bado kwamba macho mekundu yangeweza kumponza mwanamke mzee hadi auawe.

Mwaka huo majani yalikauka mapema, na ng'ombe wetu wakawa wanazurura kwenye jalala la soko, wakila maganda ya ndizi na makombo ya wali yaliyofungwa kwenye mifuko. Wa kwanza alivimba tumbo, akaacha kula, akafa. Baada ya wiki mbili akafa wa pili. Baba aliogopa hata kuwachuna. Aliwazika na ngozi zao. Ndipo maneno yakaanza kisimani, kwamba Bibi Minza ni mchawi, macho yake yanamtangaza, na kwamba alionekana zizini alfajiri. Kweli alipita, akiokota samadi kwa ruhusa ya mama, lakini baba mdogo Masanja hakutaka kusikia. Alikaa uani na wenzake watatu, na nilipowapelekea maji nikamsikia akisema, "Akifa wa tatu, yule bibi tunammaliza." Nilikimbilia jikoni nikamwambia mama. Alikaa kwenye kigoda, unga ukiwa umemganda mikononi.

Siku chache baadaye Sabuni, ng'ombe mweupe aliyekuwa akitupatia maziwa, aliacha kucheua. Mama hakumuaga baba. Alipanda pikipiki kwenda mjini, akarudi adhuhuri na daktari wa mifugo, dada mmoja kijana aliyevaa buti za mpira.

"Shikamoo baba," alisema yule daktari.

"Marahaba. Nani kakuita?"

"Mimi, Baba Kulwa," mama akajibu, akimwita kwa jina langu, na sauti yake haikutetemeka.

Daktari alibonyeza ubavu wa kushoto wa Sabuni, akatikisa kichwa, akasema ndani kuna kitu ambacho si majani. Alimchoma sindano ya ganzi, Masanja na wenzake wakamshika kwa kamba, daktari akampasua ng'ombe akiwa amesimama. Kisha akaingiza mkono mpaka begani akaanza kuvuta. Ilitoka mifuko ya bluu, mifuko myeusi, nyuzi za salfeti, yale magunia ya plastiki ya mchele, vyote vimesokotana kuwa bonge kubwa kama mtungi. Harufu ilitufanya tuzibe pua, ila hakuna aliyeondoka.

"Baba, hapa hakuna aliyewaroga ng'ombe wenu," daktari alisema. "Matakataka haya tumeyatupa wenyewe."

Masanja aliiachia kamba. Baba akanituma nikamwite Bibi Minza. Alitoka amevaa khanga yake mpya, amejitanda vizuri. Alidhani siku yake imefika. Alipolifikia lile bonge aliinama akaligusa.

"Yaani haya ndiyo mliyotaka kuniulia?"

Mama alicheka, kisha kicheko kikawa kilio, akamkumbatia yule bibi mbele ya watu wote. Nami nikaketi chini kwenye vumbi.

Daktari alimshona Sabuni, naye akapona. Mwalimu mkuu aliomba ile mifuko, tukaiosha na kuitundika kwenye uzio wa shule, na wazazi walipofika kuitazama, ni mimi niliyesimama kueleza ilikotoka. Nadhani kazi yangu ilianzia pale. Bibi Minza aliishi miaka mingi baadaye, akafa kitandani mwake kwa uzee, na Masanja akawa wa kwanza kushika jembe la kuchimba kaburi.

Sasa niko Kahama, kwenye karakana inayoyeyusha chupa na ndoo zilizopasuka kuwa matofali ya kutandaza uani. Nafundisha wanafunzi, wafanyabiashara sokoni, na wenye mashine za mpunga ambao bado wananiambia salfeti ikishatoka getini si yao tena. Mifuko ile myembamba imepigwa marufuku, lakini chupa zimejaa mitaroni, na kuna siku narudi nyumbani nimechoka kubishana. Ila mwezi uliopita, kwenye mkutano wa kijiji kimoja, mfugaji mzee alisimama akasema amefiwa na ndama wawili, matumbo yamevimba. Nilisubiri amtaje jirani.

"Nikampigia simu bwana mifugo," alisema, akaketi.