Kikohozi cha Bibi

Hadi leo mtu akikohoa kanisani katikati ya Sala ya Bwana, mimi hugeuka kumtafuta. Si kwa kukosa adabu. Namtafuta bibi yangu wa Lundo, aliyekohoa mahali palepale kila siku, tukifika "jina lako". Babu aliongoza, sisi tukafuata, Bibi akakohoa, sala ikaendelea. Nilidhani ni moshi wa jikoni.

Kwetu Lundo, kando ya ziwa, tulikuwa Waanglikana, na Babu alikuwa mzee wa kanisa, mtu asiyeweza kuona mkeka umepinda asiunyooshe. Nilipopata nafasi katika shule moja ya masista wa Kikatoliki huko milimani, upande wa Matiri, alikubali kwa shingo upande. Aliniita, akanikalisha chini.

"Nenda kasome," akasema. "Ila siku ukirudi na dini yao, shule imekwisha."

Hakuwa mtu wa kusema mara mbili.

Kule baridi ilinikuta na sweta moja, lakini kilichonitesa zaidi ni maneno. Sisi tulisema jina la Mungu "litakaswe", wao "litukuzwe". Ufalme wake sisi tuliuomba "uje", wao "ufike". Mapenzi yake kwetu "yatimizwe", kwao "utakalo lifanyike". Asubuhi ya kwanza mstarini nilipaza sauti kama nilivyolelewa, na "litakaswe" yangu ikabaki peke yake hewani. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimeshabatizwa upya. Litakaswe, lete ndoo. Litakaswe, zamu yako kufagia. Sista aliniambia kwa upole tu kwamba mstari mmoja husali kwa sauti moja.

Wiki za mwanzo, kila nilipofika kwenye neno hilo, nilimeza mate. Kisha ulimi ukazoea, tena upesi kuliko nilivyopenda, nikaanza kukiogopa kinywa changu mwenyewe.

Likizo ilipofika, ndani ya basi la kuteremka kutoka Mbinga nilirudia "litakaswe, uje, yatimizwe" njia nzima, kama mtoto aliyetumwa dukani. Mama tuliyekaa naye, mwenye kuku mapajani, aliniuliza kama naumwa.

Nikafika, nikawaamkia, ugali wa muhogo na dagaa wa usipa vikatengwa. Babu akavua kofia.

"Leo aongoze msomi."

Nilianza vizuri. Kwenye "jina lako" ulimi ukakimbilia milimani, "litu...", na Bibi akakohoa kikohozi kikubwa, kikafunika neno zima. Nikababaika, nikasema "ufike". Akakohoa tena. Neno la tatu alilikoholea hadi akashika kifua. Babu alifumbua jicho moja. Moyo wangu ulishaanza kufungasha daftari.

"Mke wangu, kikohozi hicho kitakuua," akasema, akamega tonge.

Tulipokwenda kuosha vyombo ziwani nikamuuliza Bibi kama anaumwa. Aliendelea kusugua sufuria kwa mchanga.

"Nilishuka nacho kutoka Matiri nilipoolewa. Hakiponi."

Mimi nikaelewa kuwa ni baridi ya milimani. Nikamhimiza aende zahanati. Alicheka hadi sufuria ikamponyoka.

Shule ilipofunguliwa, Babu alinibebea sanduku mwenyewe hadi kituoni. Nikamshukuru Mungu kwamba mzee ameanza kuwa kiziwi.

Siku tuliyomzika Bibi, kaka yake alikuja kutoka Matiri na rozari mkononi. Ndiye aliyenieleza kwamba dada yake aliimba kwaya ya parokia hadi wiki aliyoolewa, akaja kwa Waanglikana kwa ajili ya mume. Kumbe maisha yake yote ya ndoa hakulipinga neno la mumewe, "litakaswe", wala hakulitamka. Nilimlilia, na nilimkasirikia pia, maana angeniambia mapema nisingehangaika peke yangu.

Chakula cha waombolezaji kilipotengwa, Babu aliongoza sala. Alipofika "jina lako" akanyamaza. Alinyamaza kadiri ya kikohozi kimoja, kama aliyezoea kumsubiri mtu, kisha akaendelea.

Ndipo nilipojua kwamba siku ile ya likizo na mimi alinisikia.