Ukurasa wa Mwisho Ulifungia Ugoro

Mwaka wa hamsini na sita, ukimuuliza Jeruto anasoma kitabu gani kizuri, alikuambia ukanunue ugoro. Kimaiyo, muuza ugoro wa sokoni Kabazi, aliufungia kwa kurasa za hadithi ya mjane aliyeposwa na fundi cherehani na askari. Jeruto, mchuma maua ya pareto mwenye ulimi mkali, alizikusanya karatasi hizo kwa nyanya zetu waliokwisha kunusa, akatusomea sisi wachumaji wenzake shambani huku akipiga chafya kila nukta. Ukurasa wa mwisho tu haukuonekana, na karibu tuvuane vitambaa vya kichwa tukibishana: mjane alimchukua nani?

Jumapili, Micah, mzee wa kanisa na adui mkubwa wa ugoro, akatugombeza kwa kushabikia vitabu vya mapenzi.

"Huyo mjane wenu hana adabu!"

Jeruto akasimama. "Kweli, mzee. Kuolewa na askari!"

"Askari gani? Aliwakataa wote wawili, akajinunulia cherehani!"

Kanisa zima likamgeukia. Kisha nyanya Chepkurui akanyoosha kiganja. "Mzee, basi tugawie kidogo huo ugoro."