Siku Mama Mukamurenzi Alipofunga Miguu ya Mwanawe

Pale kwenye kilima cha Kibabi, mashariki ya Kongo, kila mtu anajua kwamba timu ya Kongo ina makocha wawili. Wa kwanza ni yule anayelipwa mshahara Kinshasa. Wa pili ni Mama Mukamurenzi, mke wa Théoneste, mkulima wa maharagi na muhogo, kiongozi wa wamama wa maombi. Usicheke. Wengi walicheka, na leo njo hao hao wanaowahi kukaa benchi la mbele.

Kazi yake ni hii. Siku Léopards, ile timu ya Kongo, wanacheza, kabla watu hawajaingia katika nyumba ya video ya Grégoire, wamama wa maombi wanatangulia. Wanavua viatu mlangoni, wanaizunguka televizyo, wanaiwekea mikono. Grégoire, ambaye ni mwenye nyumba na tena mkubwa wa washabiki wote wa kilima, anasoma kwenye simu yake wachezaji wa upande wa pili, mmoja mmoja, na Mama Mukamurenzi anawafunga miguu.

"Namba mbili!" anaita Grégoire.

"Namba mbili, katika jina la Yesu, nafunga miguu yako!"

"Imefungwa!" wanaitika wote, hata walio nje wanaochungulia dirishani.

Wanaendelea hivyo mpaka kwa kipa, ambaye hafungwi miguu, anafungwa mikono. Mchungaji alijaribu kukataza jambo hilo, akasema Mungu hana timu. Wakamtii. Mechi iliyofuata Kongo ilipigwa mabao matatu, watu wakarudi nyumbani bila kusalimiana. Mechi iliyofuata tena, mchungaji mwenyewe alifika mapema, akavua viatu.

Ukweli ni kwamba Mama Mukamurenzi hakuupenda mpira sana. Mpaka leo hajui kwa nini refa anapuliza filimbi wakati watu wanakimbia vizuri. Alichopenda ni kile kiitikio. Nyumbani kwake wanasema Kinyarwanda. Babu yake alizaliwa juu ya kilima kile kile, akakilima, akazikwa humo, lakini kila uchaguzi ukikaribia, ao vita ikisogea, lazima mtu atokee kumuuliza kwao ni wapi. Swali hilo linamkera. Ndani ya nyumba ya Grégoire, mikono ikiwa juu ya televizyo, hakuna aliyewahi kumuuliza. Pale alikuwa Mukongomani kushinda bendera.

Sasa, asubuhi moja alikuwa anapalilia maharagi, simu ikalia ndani ya kikwembe alichojifunga kiunoni. Alikuwa Gisubizo, mwanawe wa pekee. Huyu Gisubizo, wakati wa kukimbia vita, walikaa naye katika kambi ya wakimbizi ya Lushebere, wakilala juu ya majani, na mjomba wake Evode akaja akamchukua, akaenda naye Uganda asome. Kusoma alisoma kidogo. Mpira ndio ulimsoma yeye vizuri. Uganda wakamlea, wakampa timu, mwishowe wakampa na kitambulisho.

"Mama, umekaa?"

"Niko mu shamba, nitakaa wapi? Sema."

"Wameniita mu timu ya taifa."

Weee! Jembe lilikwenda huko, yeye akaenda huku. Alipiga vigelegele mpaka ng'ombe wa jirani wakainua vichwa. Alicheza peke yake katikati ya maharagi yake, akayakanyaga mengine, akamshukuru Mungu kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili na kwa maneno mawili ya Kifaransa anayoyajua. Ndipo akasimama ghafla.

"Taifa gani, mwanangu?"

"Uganda, Mama. Nilingoja Kongo iniite, nikachoka. Hawa njo waliniita."

"Sawa. Ni sawa. Na mutaanza kucheza na nani?"

"Ni mechi ya kirafiki tu."

"Gisubizo. Na nani?"

"Na Kongo." Kisha, kwa ile sauti yake ya utotoni ya kuomba nyama, akasema, "Utaniombea, Mama?"

"Nitakuombea. Kwani nilishaacha siku gani?"

Théoneste alikuwa anakamua ng'ombe mkewe alipofika mbio kumpa habari. Ni mtu wa maneno machache, na hayo machache anayasema akiwa na kazi mkononi.

"Basi nyumba hii haishindwi tena," alisema. "Kongo wakishinda, tumeshinda. Uganda wakishinda, tumeshinda."

"Wewe unacheka! Mimi njo ninafunga miguu! Nitafunga nani?"

Théoneste aliacha kukamua. Hilo hakuwa amelifikiria. Akarudi kwa ng'ombe wake.

Habari haikukaa. Grégoire aliiona kwenye simu, na siku ya soko akasimama mbele ya Mama Mukamurenzi na kikapu chake cha muhogo, amevaa shati yake ya Léopards, ambayo haifui mpaka timu ipoteze mechi.

"Mama! Namba kumi na moja wa Uganda iko na pua ya Papa Théoneste kabisa!"

Watu wakacheka, na yeye akacheka nao, maana mtoto wake alikuwa mtamu mdomoni mwa kila mtu. Lakini Grégoire aliinama, akashusha sauti.

"Nakuambia juu ya vile wewe ni dada yangu. Watu wanasema siku hiyo njo tutaona roho yako iko fasi gani."

Grégoire si mtu mbaya. Alisema vile mtu anavyosema kwamba mvua itanyesha. Lakini neno lile lilimwingia Mama Mukamurenzi, likakaa. Alifunga kikapu chake soko likiwa bado limejaa, akapanda kilima, na alipofika shambani alilia. Alilia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Miaka yote hiyo ya kufunga miguu ya watu wasiomkosea chochote, miguu ya vijana wenye mama zao, na bado wanataka kuona roho yake iko wapi!

Adelaïde, rafiki yake wa maombi, alimletea shauri. "Sema uko na malaria."

"Nikisema malaria, watasema nimekimbia."

"Basi mufunge nusu. Mguu moja."

"Adelaïde!"

"Nilikuwa nasaidia tu," alisema Adelaïde.

Siku ikafika. Mchana ule nyumba ya Grégoire ilijaa mpaka watu wakakaa juu ya watu. Walitoka vilima vya ng'ambo, walitoka mpaka njia ya Masisi, na si wote walifuata mpira; wengine walikuja kumwangalia Mama Mukamurenzi. Jenereta ililia nje, televizyo ilikuwa bado nyeusi. Wamama walivua viatu, wakaweka mikono. Mama Mukamurenzi alivaa kikwembe chake cha Pasaka. Théoneste alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi, kana kwamba yuko mazishini.

Grégoire alisoma. Namba mbili, imefungwa. Namba tano, imefungwa. Namba saba, ambaye walisema ana mbio sana, alifungwa mara mbili. Kipa, mikono. Grégoire alikuwa ameruka mmoja, akamweka wa mwisho. Alikohoa.

"Namba kumi na moja," alisema. Jina hakulitaja.

Waliokaa wakasimama ili waone. Mama Mukamurenzi aliyaona macho, yote, na hakuwa na haja ya kugeuka kuyaona. Na hapo njo alifanya kosa. Angeweza kusema, huyu siwezi, ni mwanangu, na nani angemla? Lakini macho ya watu yakikuelemea toka utotoni, siku moja unajibu kwa nguvu kuliko ulivyoulizwa. Alifumba macho, akainua sauti ambayo hakuwahi kuinua kwa timu yoyote duniani.

"Namba kumi na moja! Nafunga mguu wako wa kuume! Nafunga mguu wako wa kushoto! Nafunga magoti! Nafunga vidole!"

"Imefungwa!" walipiga kelele, wakapiga makofi, na Grégoire akamshika mkono kwa heshima kubwa, akamkalisha benchi la mbele. Alikuwa ameshinda. Alianza kujuta papo hapo.

Mechi ikaanza. Gisubizo alitokea kwenye televizyo, mrefu, kichwa amenyoa, na pua ile kweli ilikuwa ya Théoneste. Alikimbia vizuri. Mama yake hakuangalia mpira hata mara moja; aliangalia magoti. Kongo wakatia bao, nyumba ikapasuka, watu wakarushana, mtu akamwaga kikombe cha chai juu ya mgongo wa mchungaji. Mama Mukamurenzi alipiga makofi akiangalia magoti.

Kisha mpira ukapigwa mrefu, Gisubizo akaufuata, peke yake, hakuna mtu karibu. Akaanguka.

Hakuna aliyemgusa. Kila mtu aliona, na televizyo ikarudia ili waone tena. Alianguka tu, akashika mguu wake wa kuume kwa mikono miwili, akajikunja, na uso wake ukaja karibu, mkubwa, umejaa maumivu.

"Imeshika!" kijana mmoja alipiga kelele. "Mama, imeshika!"

Mwingine akaanza kucheka, akaacha katikati, maana alikuwa amemwona mama.

Mama Mukamurenzi alikuwa amesimama. "Nimemuua," alisema. "Mungu wangu, mutoto aliniomba nimuombee, nami nimemuua!" Akairukia televizyo kwa mikono yote miwili, akafunika Uganda na Kongo na refa na uwanja wote. "Nafungua! Mguu wa kuume, nafungua! Wa kushoto, nafungua! Bwana, nilisema uongo, sikutaka, ni watu hawa! Nafungua vidole!"

"Toka mbele ya tele!" mmoja alilalamika huko nyuma.

"Wewe funga kinywa!" Hiyo ilikuwa sauti ya Grégoire. Alikuwa tayari amesimama. Alivua viatu vyake, kwa haraka, kimoja kikampiga Adelaïde, akaja akaweka mkono wake mkubwa juu ya televizyo karibu na mikono ya mama. "Tulifunga wote, tufungue wote. Mukuje! Munaangalia nini? Mutoto wa Kibabi iko chini!"

Wakaja. Wamama kwanza, halafu wababa, halafu vijana waliocheka. Wasiofikia televizyo waliweka mikono juu ya migongo ya waliofikia, mpaka mnyororo ukatoka mlangoni. Mchungaji, na chai yake mgongoni, alifungua mguu wa kushoto, akasahau kwamba mbaya ni wa kuume. Théoneste, mtu wa maneno machache, alifungua kwa sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Imefunguka!" waliitika. "Imefunguka! Imefunguka!"

Hakuna aliyekuwa anaona kitu, maana mikono ilikuwa imefunika kioo chote. Adelaïde ndiye aliyechungulia kati ya vidole.

"Anasimama," alisema.

Mikono ikaondoka. Gisubizo alikuwa amesimama kweli, daktari anamnyoosha mguu, yeye anachechemea, anatikisa kichwa kwamba ni mzima. Baadaye angewaambia kwenye simu kwamba ulikuwa mshipa tu, umekaza kwa baridi. Usijaribu kuwaambia hivyo watu wa Kibabi. Mama Mukamurenzi aliketi chini, sakafuni, akacheka na kulia kwa pamoja, akajifuta pua na kikwembe cha Pasaka. Grégoire alibaki amesimama bila viatu, anatokwa jasho, amesahau kurudi kwenye kiti chake.

Kipindi cha pili kilichezwa hivyo, kila mtu mahali alipojikuta. Kongo walikuwa bado mbele kwa bao lao moja. Kuelekea mwisho Uganda waliiba mpira katikati, wakaupeleka pembeni, na pembeni alikuwa namba kumi na moja. Alimpita wa kwanza. Alimpita wa pili.

"Mufate!" walipiga kelele watu wa Kibabi kwa walinzi wa Kongo. "Mufate huyo!"

Alipiga kwa mguu wa kuume. Kipa wa Kongo aliruka, akakosa, na nyavu zikatikisika.

"Gooooli!"

Sauti ilikuwa ya mtu mmoja tu. Nyumba nzima ilikuwa imeshika kichwa, midomo wazi, na katikati yake mtu mmoja alikuwa hewani, mikono juu, uso umejaa furaha, amevaa shati ya Léopards isiyofuliwa. Grégoire aliruka mara ya pili kabla hajaona kwamba anaruka peke yake. Akashuka. Akaangalia mikono yake, bado iko juu. Akaangalia watu. Watu walikuwa wanamwangalia, benchi kwa benchi. Aliishusha mikono polepole, akaketi chini sakafuni, mahali palipokuwa karibu.

Mama Mukamurenzi alisogea ili apate nafasi. Alimpiga begani, taratibu, kama anayempokea mgeni.

"Usiogope, Papa Grégoire," alimwambia. "Macho ya watu haiuwe muntu. Mimi niko nayo tangu nilizaliwa."